Kuweka injini ya 1KD kwenye Hilux ya zamani

Ndugu, umeuliza kama Hilux yako ya modeli LN106, yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, inaweza kubeba injini mpya zaidi ya dizeli ya Toyota, 1KD-FTV. Inabeba, ila ugumu hauko kwenye kuchomelea mauntingi (vishikio vya injini), uko kwenye umeme. 3L inatumia pampu ya dizeli ya kawaida tu, cc 2,779, haina turbo. 1KD ni cc 2,982, ina turbo na komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalogawia nozeli zote dizeli), na haiwaki bila kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya injini. Kwa hiyo usinunue injini tupu hata kidogo! Chukua waya zote, kontroli boksi, funguo yake ya imobilaiza (kinga ya wizi) na pedali ya mafuta, vyote vya gari lile lile. Ukikosa pedali tu, umekwama.

Kabla hujaifunga, teremsha sampu (bakuli la oili chini ya injini) uangalie chujio la oili. Kwenye injini hizi, zile washa (pete ndogo) za shaba chini ya nozeli za dizeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio, injini inakufa. Badilisha washa zote injini ikiwa bado iko chini, haijafungwa.

Tangi la zamani lina kutu, lisafishe, weka filta inayotenga maji. Utahitaji pia rejeta kubwa, nafasi ya intakula (kipoza hewa ya turbo) na breki nzima. Namba ya injini kwenye kadi ya gari ibadilishwe pia.