Kununua samaki, kamba na ngisi wa mlo wa sikukuu

Siku mbili tatu kabla ya sikukuu ndipo vyakula vya baharini vinapokuwa vigumu kuchagua. Wanunuzi wanafurika kwa mara moja, wauzaji wameanza kulimbikiza mzigo mapema, na samaki ambaye siku ya kawaida angenunuliwa asubuhi ileile aliyofika anaweza kuwa amekaa kwenye barafu siku kadhaa akingoja watu. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia macho na matamvua, tuzungumzie ratiba: gawa manunuzi yako mara mbili.

Kamba, ngisi na pweza nunua mapema, wiki moja au mbili kabla, wakiwa wamegandishwa kiwandani. Samaki mzima, kaa hai na chaza waache mpaka siku ya mapishi au jana yake. Watu wengi wanaona chakula cha kwenye friza ni cha daraja la pili, na hapo ndipo wanapokosea. Kamba aliyegandishwa saa chache baada ya kuvuliwa ni bora kuliko kamba "mbichi" aliyelala siku tatu kwenye meza, tena mara nyingi huyo wa kwenye meza naye alikuwa amegandishwa, kisha akayeyushwa ili apendeze. Pweza ndiye kabisa: chembe za barafu hukata nyuzi za nyama yake, naye akaiva laini bila kupigwapigwa.

Kitu kimoja tu: usinunue samaki wengi wabichi kwa nia ya kuwagandisha mwenyewe. Friza ya nyumbani hugandisha polepole, na barafu inayojengeka polepole huwa ya chembe kubwa zinazopasua nyama. Ukimyeyusha anachuruzika maji, na akiiva anakuwa mkavu kama pamba. Ikikulazimu, tandaza vipande bapa kwenye mfuko, unene usizidi sentimita 2 au 3, wala usivirundike mpaka vigande kabisa.

Kumsoma samaki mzima

Usiende na jina la samaki kichwani, nenda na aina ya pishi. Ukijua unataka wa kuchoma mzima, tafuta samaki yeyote wa mnofu mgumu mwenye uzito wa kilo moja hadi moja na nusu. Ukijua unataka wa mchuzi, tafuta wa kukatwa vipande vinene visivyosambaratika. Aliyeng'ang'ania jina moja hurudi na samaki mwenye jina hilo, hata kama ndiye mchovu kuliko wote mezani.

Macho ndiyo watu huyatazama kwanza, lakini yanadanganya. Jicho angavu lililojitokeza nje ni dalili njema, ila samaki mzuri aliyelaliwa na barafu huweza kuwa na jicho lenye ukungu upande mmoja. Mgeuze utazame na la pili. Matamvua yanasema ukweli zaidi. Inua mfuniko wa shavu: yakiwa mekundu ya damu, yenye ute mwembamba usio na rangi, huyo ni wa kuchukua. Yakigeuka rangi ya matofali, bado analiwa lakini siku hiyohiyo. Yakiwa ya kahawia au kijivu, na ute umekuwa mzito mweupe, mrudishe. Pua yako iweke hapo kwenye matamvua, si kwenye ngozi, kwa sababu ngozi imeshaoshwa mara nyingi. Harufu ya maji ya bahari haina tatizo. Shombo kali inayokwama puani ina tatizo, na limau halitaiondoa. Papa na taa wana kipimo chao: nyama yao ina urea nyingi ambayo hubadilika kuwa amonia, kwa hiyo wakitoa harufu inayowasha macho wamekwisha.

Muuzaji akiwa ameshatoa matamvua na matumbo, angalia ndani. Damu iliyoshika kando ya uti wa mgongo iwe nyekundu, isiwe ya kahawia. Kisha tazama mbavu. Kwa samaki mzuri zimeshikamana na nyama ya tumbo. Zikiwa zimechomoka na kuning'inia zenyewe, maana yake vimeng'enya vya tumboni, yaani kemikali za mwili zinazosaga chakula, vimeanza kula nyama kabla hajatumbuliwa. Tumbo lililopasuka bila kisu linatokana na jambo hilohilo.

Minofu iliyokatwa tayari ni ngumu zaidi kusoma. Kataa iliyoachana kwa nyufa, iliyokauka au kuwa njano pembezoni, na iliyolala kwenye maji. Kwa jodari usiitegemee rangi peke yake. Baadhi ya minofu yake hupulizwa gesi ya kaboni monoksaidi ili ibaki nyekundu ya kung'aa kwa muda mrefu, na wekundu huo hubaki hata nyama ikiwa imezeeka. Ukiweza, omba ukatiwe kipande mbele yako kutoka kwa samaki mzima.

Jodari, vibua na jamaa zao wanataka tahadhari nyingine. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, nayo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha. Mlaji huhisi pilipili au muwasho mdomoni, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, vipele vinatoka, mara nyingi ndani ya saa moja au chini yake. Samaki mwenye histamini anaweza kuonekana na kunukia vizuri kabisa. Kwa hiyo kwa aina hii usimnunue aliyewekwa nje ya barafu, hata akiwa mzuri wa macho kiasi gani.

Kamba

Kichwa cha kamba ndicho kinachoharibika kwanza. Ndani yake mna tezi ya kusaga chakula, na kamba akifa vimeng'enya vyake huanza kula nyama iliyo jirani. Ndiyo maana unaweza kumenya kamba ukakuta mkiani ni mgumu na shingoni ni uji. Mshike kamba mmoja umwinue kwa kichwa: kisikatike wala kulegea. Gamba lishikamane na nyama. Weusi kwenye kichwa na kwenye viungo vya gamba si sumu, ni kimeng'enya kikikutana na hewa, lakini unakuambia muda umepita. Ukinunua wenye vichwa na hutawapika siku hiyo, vitoe mara ufikapo nyumbani.

Kuzuia weusi huo, wavuvi na viwanda vingi hutumia salfaiti, kemikali ya kuhifadhia chakula. Kwa wengi haina shida, ila mwenye pumu anaweza kubanwa. Kama yupo mgeni wa namna hiyo, soma lebo au uliza.

Kwenye boksi la kamba waliogandishwa kuna namba kama 16/20 au 31/40. Hiyo ni idadi ya kamba katika uzito fulani, aghalabu ratili moja, yaani gramu 454, kwa wasio na vichwa, na mara nyingi kilo moja kwa wenye vichwa. Soma ni kipi, maana tofauti ni zaidi ya mara mbili. Namba ikiwa ndogo, kamba ni wakubwa. Kwa kuchoma chukua 16/20. Kwa wali na michuzi 31/40 wanatosha, na ni hasara kununua wakubwa halafu uwakatekate.

Mambo mawili huongeza uzito usioula. La kwanza ni barafu inayofunikwa juu ya kila kamba ili asikauke. Ni jambo jema, ila ikiwa asilimia 20, kilo yako ina gramu 800 tu za kamba. Tafuta uzito halisi ulioandikwa bila barafu. La pili ni fosfeti, inayofanya nyama ishike maji. Kamba wa fosfeti utamjua kwa kuteleza na kuonekana kama kioo, na ukimtia kwenye kikaango cha moto anatoa maji mengi, basi badala ya kukaangika anachemka na kusinyaa. Kama orodha ya viungo ina kitu kingine zaidi ya kamba na chumvi, napita.

Kaa, ngisi na chaza

Kaa na kamba kochi nunua wakiwa hai, au waliochemshwa tayari na mtu unayemwamini. Aliyekufa mbichi usimchukue hata kwa nusu bei. Linganisha wawili wenye ukubwa sawa, uchague mzito. Kaa aliyejivua gamba karibuni ni mwepesi, na ukibonyeza chini ya gamba karibu na miguu panabonyea: ndani ni maji tu. Jike mwenye mayai nje muache. Kamba kochi aliye hai akiinuliwa hukunja mkia. Nyumbani waweke kwenye boksi chini ya kitambaa chenye maji ya chumvi, si kwenye maji baridi ya bomba wala mfuko uliofungwa, maana watakufa. Nusu saa kwenye barafu kabla ya kuwaua huwatuliza, na kaa hatupi magando yake.

Ngisi mzuri ana ngozi yenye madoa ya zambarau na nyama nyeupe inayong'aa. Akianza kuwa waridi ameshazeeka. Mpike dakika mbili au mpike dakika arobaini, katikati ya hapo ni mpira.

Chaza na kome wawe wamefumba, au wafumbe ukiwagonga. Aliye wazi na hajali, tupa. Hawa huchuja maji wanamoishi, kwa hiyo mahali walipotolewa ni muhimu kuliko sura yao, na sumu za baadhi ya mwani haziondoki kwa kupikwa. Asiyeweza kukuambia wametoka wapi, usinunue kwake.

Kiasi gani

Hesabu kinacholiwa, kisha urudi nyuma. Samaki mzima hutoa mnofu wa takriban asilimia 40. Watu 10 wakila gramu 180 za mnofu kila mmoja, unahitaji kilo 1.8, yaani samaki wazima wa kilo 4.5. Akipikwa mzima na kila mtu akachambua kwenye mfupa, gramu 400 kwa mtu zinatosha. Kamba wenye vichwa, kilo moja hutoa karibu nusu kilo iliyomenywa. Pweza akipikwa hupungua karibu nusu. Kaa hutoa robo tu ya uzito wake, kwa hiyo usimtegemee kushibisha watu, ni wa kunogesha meza. Mezani pakiwa na sahani tatu za baharini, punguza kila moja kwa nusu, maana hakuna anayekula zote kwa kiwango kamili.

Kutoka sokoni hadi jikoni

Nenda na boksi la barafu. Safari ikizidi saa moja, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki si nyingi. Samaki mzima alale ndani ya barafu, lakini minofu iwe kwenye mfuko, la sivyo maji ya barafu yataosha ladha yake. Acha nafasi maji yachuruzike chini, maana samaki anayeogelea kwenye maji yaliyoyeyuka anaharibika haraka.

Ukifika, toa matumbo, sugua damu ya uti wa mgongo mpaka iishe, suuza kwa maji baridi na umkaushe kwa kitambaa safi. Friji nyingi zina nyuzi joto 4 au 5, na hapo samaki huharibika kwa kasi takriban mara mbili ya kwenye nyuzi 0. Mtandikie barafu kwenye sinia lenye matundu, chini chombo cha kupokea maji, ndipo umwingize frijini.

Waliogandishwa wahamishie kwenye friji usiku wa kuamkia sikukuu, wakiwa juu ya chujio. Samaki wa kilo 2 anataka saa 24 au zaidi, kwa hiyo yeye mtangulize mapema. Ukichelewa, mfunge kwenye mfuko usiovuja, mzamishe kwenye maji baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Nusu kilo huchukua kama saa moja. Maji ya moto hulainisha nje na kuacha jiwe la barafu katikati. Pakiti iliyonyonywa hewa ifungue kabla ya kuyeyusha, kwa sababu mahali pasipo na hewa bakteria wa botulini hupata nafasi ya kutengeneza sumu.

Na wiki ile ya kununua kamba, wapigie wageni uulize nani ana mzio. Mzio wa samaki na mzio wa kamba na kaa ni vitu viwili, mtu anaweza kuwa na huu asiwe na ule. Mafuta yaliyokaangiwa kamba yanatosha kumdhuru, kwa hiyo chakula chake kipikwe kwanza, kwa mafuta mapya na kikaango safi, kisha kifunikwe na kiwekwe mbali na sahani nyingine.