Barua kwa mwanangu: Utakachosema mbele ya ushirika

Tukuyu, wiki ya pili baada ya Pasaka

Mwanangu Atupele,

Ugonile. Sisi huku tu wazima. Mvua bado inanyesha asubuhi na jioni, migomba inaanguka kwa uzito, na baba yako goti linamsumbua anapopanda shambani, lakini anapanda. Barua hii nimeiandika kwa mkono na kaka yako Lusajo ataipiga picha akutumie, maana maneno ni mengi na sikutaka kuyakatakata kwenye simu.

Swali lako nimelala nalo siku tatu. Umeniandikia hivi kutoka huko Ujerumani: "Mama, Septemba nitarudi na nitasimamishwa kanisani nitoe taarifa. Watu walinichangia nauli. Nitawaambia nini? Miezi saba hii nimehubiri mara moja tu, tena kwa kusoma karatasi. Sijaona mtu hata mmoja akiokoka. Kazi yangu ni kuogesha wazee, kubadilisha shuka na kupaka mikate siagi. Je, mimi ni mmisionari kweli, au nimekula hela za watu?"

Nitakujibu. Lakini kwanza nikwambie jambo ambalo zaidi ya baba yako sijamwambia mtu.

Unajua kwamba tuliwahi kutumwa ng'ambo ya mto Songwe. Tulivuka pale Kasumulu mwezi wa sita mwaka 1994, majuma machache baada ya Wamalawi kumwondoa Kamuzu Banda kwa kura. Tulipangiwa kijiji kusini mwa Karonga, upande wa Chilumba. Ingekuwa kwa Wangonde nisingepata shida, kwa sababu Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kule watu walisema Kitumbuka, nami nilijua maneno mawili tu: monile ya kusalimia na yewo ya kushukuru. Baba yako alipewa baiskeli na orodha ya vijiji vya kutembelea. Mimi kwenye barua ya kututuma niliandikwa "na mke wake", basi.

Joto la kando ya ziwa hulijui wewe uliyezaliwa kwenye ukungu wa Rungwe. Lusajo alikuwa na mwaka mmoja, shingo yote imejaa vipele. Tuliamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya maji kwenye mjigo, ndivyo wanavyoita kisima cha kupampu, na ukichelewa unasimama juani mpaka saa nne. Mchana tulianika usipa, dagaa wa ziwani. Harufu ile iliingia kwenye khanga zangu zote na haikutoka. Jioni nilipika, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa.

Kule wanakula kondowole, ugali wa muhogo. Wewe umezoea kusonga ugali wa mahindi, unadhani mwiko ni mwiko. Unga wa muhogo haukubali hivyo. Ukiupa nafasi kidogo unashikana, unavuta kama ulimbo, ndani unabaki mabonge meupe ambayo hayajaiva. Wiki ya kwanza niliutupa mara tatu, nikificha kwa kuuzika nyuma ya nyumba ili watu wasione mke wa mwinjilisti anatupa chakula. Mara ya nne jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa anaishi peke yake, aliniona nikichimba shimo. Hakusema neno. Aliingia jikoni kwangu, akatia maji upya, akasimama nyuma yangu, akashika mikono yangu yote miwili juu ya mwiko, akaanza kusonga. Kifua chake kilikuwa mgongoni mwangu. Aliuvuta ugali kuelekea kwetu, akaukandamiza ukutani mwa sufuria, akaugeuza, akauvuta tena, mpaka jasho lake na langu vikachanganyika. Ulipoiva akaukata, akanilisha tonge la kwanza yeye mwenyewe.

Februari ya mwaka uliofuata malaria ilinishika vibaya. Baba yako alikuwa safarini, siku nne. Bibi yule alilala chini kando ya kitanda changu siku zote nne. Alinikorogea uji, aliniogesha, alifua nepi za kaka yako, alifua na nguo zangu nilizochafua. Hakuwahi kuingia kanisani kwetu hata siku moja. Nilimkaribisha, akacheka, akasema yeye mbuzi wake hawana mtu wa kuwachunga Jumapili.

Tulirudi mwaka 1996. Jumapili ya kutupokea kanisa lilijaa, na baada ya baba yako kuzungumza, akina mama wakaomba nami niseme. Nikasimama nikasoma: vikundi viwili vya akina mama tumeanzisha, nyimbo kadhaa tumefundisha, waliobatizwa ni kumi na mmoja. Yote yalikuwa kweli. Vigelegele vilipigwa. Tulipotoka nje, mama mmoja mzee ambaye mwaka 1994 alitoa debe zima la maharage kwa ajili ya safari yetu alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, huko mlikuwa mnakula nini? Ulipougua, nani alikuuguza?"

Nikamjibu, "Mungu alituangalia, mama."

Aliitikia kwa kichwa akaondoka. Alitaka kujua maharage yake yalimfikisha mtoto wake kwa nani, nami nikamfungia mlango kwa jina la Mungu. Niliona aibu kusema kwamba mimi niliyetumwa kuhudumia ndiye niliyehudumiwa, tena na mtu ambaye sikumleta kanisani. Yule mama alifariki kabla sijarudi kumweleza. Mwiko unaouona jikoni kwetu, ule mweusi mrefu ambao simruhusu mtu kuuchochea moto, nilipewa na bibi yule siku tunaondoka. Mmekua nao wote na hakuna aliyewahi kuambiwa ulikotoka.

Sasa swali lako. Kula hela za watu, hapana. Lakini usifanye nilivyofanya mimi.

Wewe uko Herrnhut, mji ambao kanisa letu la Moravian lilitokea, na umeniandikia kwamba Pasaka mliamka gizani mkapanda kilima cha Hutberg hadi makaburini, matarumbeta yakapigwa jua linachomoza, ukalia kwa sababu ilikuwa kama uko Rungwe. Nimesoma hapo mara nyingi. Ibada hiyo ilianza hapohapo Herrnhut mwaka 1732. Na mwaka huohuo, mwezi Agosti, waliondoka hapo wamisionari wetu wa kwanza kabisa, Leonhard Dober na David Nitschmann, kwenda kisiwa cha St. Thomas kwa watumwa wa mashamba ya miwa. Unakumbuka walikuwa nani? Mfinyanzi na seremala. Mfinyanzi alifika akakuta udongo wa kule haufai kwa vyungu vyake, na chakula chao kikatoka kwenye randa na nyundo za mwenzake. Baada ya miezi michache seremala akarudi nyumbani, mfinyanzi akabaki peke yake kutafuta riziki. Nadhani jioni nyingi alijiuliza hicho unachoniuliza wewe.

Na waliokuja kwetu mwaka 1891 walikuwa wanne, walipitia ziwa Nyasa wakashukia Karonga, njia ileile tuliyoipita sisi tukielekea upande wa pili. Mmoja wao, Georg Martin, alikufa mwaka huohuo. Hakujenga, hakufundisha, hakubatiza. Ungemtaka taarifa angekuonyesha mikono mitupu. Waliobaki walikaa hadi mwaka 1897 ndipo Rungwe ikaona ubatizo wa kwanza. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya kujenga kuta, kuugua, kujifunza Kinyakyusa kwa kukosea na kuchekwa na watoto. Nani aliwauzia ndizi? Nani aliwaonyesha kisima? Wazee wetu walifanya hayo, na majina yao hayamo kwenye taarifa zilizokwenda Ujerumani. Hilo nalo linaniuma.

Kwa hiyo unaposema kazi yako ni kuogesha wazee tu, hilo neno "tu" silikubali. Nirudie uliyoniandikia mwezi wa kwanza kuhusu bibi wa chumba cha mwisho, labda umesahau jinsi ulivyoyaandika. Oktoba hakutaka umguse. Alivuta blanketi mpaka kidevuni, akataka aitwe muuguzi mwingine. Ukaambiwa usijali, na ukajali, ukalia chooni. Kisha siku moja ukamkuta anahangaika kukunja leso, vidole havikunji, ukaketi ukakunja ya kwako taratibu ili aone. Mkakunja leso zote za kwenye kikapu, kisha mkazifumua mkakunja tena. Desemba akakuruhusu umwoshe miguu. Umesema unapima maji kwa kiwiko kama nilivyokufundisha kwa mtoto wa Lusajo, unaanza na kidole kidogo, unakausha katikati ya vidole kwa sababu ngozi yake inapasuka. Na kwamba unapomchana nywele huwa unaimba kwa sauti ya chini za Kinyakyusa bila kujua, na siku uliponyamaza akakuuliza mbona huimbi leo. Mtu aliyekulia chini ya serikali ya Ujerumani Mashariki iliyofundisha watoto shuleni kwamba Mungu hayupo, anakuuliza mbona huimbi.

Hayo ndiyo utawaambia. Waambie kama ulivyoniambia mimi, pamoja na leso, pamoja na kulia chooni. Watu wetu wataelewa. Wamewaogesha mama zao.

Waambie pia nani anakulisha wewe. Yule mzee wa kanisa anayekuja kukuchukua kwa gari Jumapili theluji ikianguka, na kulipasha joto gari mapema ili usikute kiti cha baridi, umsimulie. Yule mama aliyekufumia soksi. Mkate na jibini jioni bila kitu cha moto, hata hilo liseme, lakini useme na kwamba walitafuta ndizi mbichi wakakuletea siku ya kuzaliwa kwako, ingawa hazikuwa za kupika. Na unaposema kanisani mko kumi na wawili, wote mvi, usije ukasimama hapa kuwasikitikia ili sisi tujione tumejaa. Sijui ni mangapi hawa kumi na wawili wamebeba katika miaka ambayo kwenda kanisani kulimnyima mtu nafasi ya kusoma. Waheshimu hivyo mbele yetu.

Ulichoandika kuhusu yule mwanamume kwenye treni na maneno aliyokuambia nilikisoma mara moja, mara ya pili nikashindwa. Baba yako alitoka nje akakaa na migomba yake mpaka giza. Kama inatokea tena, shuka, ingia behewa lenye familia, na umwambie mchungaji wako wa huko siku hiyohiyo. Hilo halihitaji uvumilivu wa kimisionari. Na usiku unapoingia saa kumi jioni na moyo unazama, piga simu hata kama ni saa za hapa tumelala. Usitutumie hela tena. Kula.

Kuhusu waliochangia. Unakumbuka mnada ule baada ya ibada? Mkungu wa ndizi uliotolewa na mama wa kule bondeni ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena, ukarudishwa, mpaka wa nne akaondoka nao. Mayai sita. Jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Hakuna aliyesema ananunua nafsi ngapi za Wajerumani. Mama wa mkungu ananiuliza kila Jumapili swali moja, "Mtoto anakula?" Juzi nikamsomea sehemu ya leso kwenye barua yako. Alikaa kimya, kisha akaomba nimsomee tena.

Nimeshazungumza na mchungaji. Siku utakayosimama, mimi nitasimama kabla yako kwa dakika chache, nimalizie taarifa yangu ya mwaka 1996. Nitakuja na mwiko. Baba yako amekubali, ila amesema nisitaje kwamba naye aliwahi kuuzika ugali wake.

Nitumie namna ya kulitamka jina la yule bibi wa chumba cha mwisho, uliandike kwa silabi zetu, nasi Alhamisi kwenye maombi ya akina mama tunataka tulitaje vizuri. Na mwulize kama anapenda chai. Binamu yako anasafiri Juni na ninaweza kumpa kilo moja ya Katumba.

Ndaga fijo kwa kuniuliza.

Mama yako