Mwanangu alitaka komba

Kama una mtoto anayekushika kila siku umfugie mnyama ambaye watu hawamfugi, usimkatalie kwa ukali, na usimkubalie upesi. Mimi nimefanya yote mawili na yote yamenitoka vibaya, ndiyo maana naandika.

Tunaishi kaskazini ya Pemba, si mbali na Msitu wa Ngezi. Binti yangu alikuwa na miaka minane alipoanza kutaka komba. Paka tunao, wanaingia na kutoka wapendavyo. Kuku tunao. Hao hakuwataka. Usiku tukizima taa humsikia komba juu ya mwembe akilia kama mtoto mchanga, naye akashika kwamba yule analia kwa kukosa mwenzake. Mwaka mzima jawabu langu lilikuwa hilo kwa hilo: "Komba hafugwi. Nenda chuoni ukasome Kurani." Kisha nikamletea kifaranga cha bata ili asahau. Alikilisha vizuri, alikifungia vizuri, na usiku akarudi palepale dirishani. Watu wengi hushauri kumpa mtoto mnyama mwengine wa kawaida. Kwangu haikusaidia kitu, na sidhani kama itasaidia kwa mtoto ambaye moyo wake umeshakwenda.

Ukaja msimu wa karafuu. Siku moja wachumaji waliteremka na mtoto wa komba waliyemkuta peke yake kwenye tawi. "Mama'ke kamtupa," walisema, wakampa binti yangu. Alienea kiganjani. Manyoya ya hudhurungi, macho makubwa, masikio membamba anayoyakunja na kuyakunjua kama karatasi. Binti yangu alinitazama bila ya kusema neno. Nikasema haya, mchukue. Nilijiona nimempatia yatima mlezi.

Tulimtia kwenye tenga la kuku, tukamtandikia kanga. Mchana kutwa alilala. Baada ya isha akaamka, akajikojolea viganjani, akajisugua nyayo, akatoka kutambaa. Ndivyo walivyo komba, huacha harufu yao kila wapitapo. Asubuhi ukuta mzima ulikuwa na alama za vidole vidogo vidogo. Maziwa ya ng'ombe tuliyomnyonyesha kwa kitambaa yalimharisha kabla ya alfajiri. Lakini lililonikaa rohoni ni sauti. Alilia usiku kucha, na nje, juu ya mikarafuu, palikuwa na komba mwengine akimjibu. Nilimsikia. Nikajifunika shuka.

Kulipokucha nilimwendea mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyewahi kulinda msitu miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Mwanangu, komba hamtupi mwanawe. Humbeba kwa mdomo kama paka, akamweka kwenye tawi, akenda kutafuta chakula, akarudi kumchukua. Huyo hakutupwa. Huyo kaibwa."

Jioni ile mume wangu alitundika pakacha wazi kwenye mkarafuu uleule, komba ndani yake, sisi tukakaa mbali migombani na tochi tuliyoifunika kitambaa chekundu. Usiku wa kwanza hakuja. Ilipofika saa nne tulimrudisha ndani, tukampa maji ya glukosi, na binti yangu alilia mpaka usingizi ukamchukua. Usiku wa pili, isha imeshapita, yakatokea macho mawili juu ya tawi yakiwaka kama makaa. Mama akashuka kwa vituo, akanusa ukingo wa pakacha, akaingiza kichwa. Akatoka naye, kambana ngozi ya mgongo kwa meno, akaruka. Jani moja tu ndilo lililotikisika. Binti yangu alinibana mkono. "Mama, kumbe alikuwa akimwita huyu."

Sasa ushauri wangu. Mtoto akikwambia anataka mnyama, kaa chini umuulize habari za mnyama huyo, kwa dhati, kama unayetaka kujua. Mtume (s.a.w.) alimkuta mtoto Abu Umayr amehuzunika kwa kufa ndege wake mdogo, akamuuliza kafanya nini yule ndege. Hakumwambia ni kitu kidogo. Mimi ningemuuliza wangu tangu mwanzo kwa nini anadhani komba anamwita mtu, tungefika kwa yule mzee mwaka mmoja kabla.

Muulize pia: usiku anafanya nini? Anakula nini? Ukiwa skuli na chuoni nani atamwangalia? Ana mama? Kisha nendeni mkamtazame anapoishi, mara nyingi. Sisi hutoka baada ya magharibi mpaka ukingoni mwa shamba, binti yangu akahesabu macho na kuandika kwenye daftari.

Na mkimkuta mtoto wa mnyama peke yake, msimguse kabla ya kukaa mbali mkangoja hadi usiku. Akiwa ameumia, waiteni watu wa misitu. Wanyama pori wa visiwani petu wako chini ya sheria ya misitu ya 1996, si mali ya aliyewaokota. Na mnyama akimng'ata mtoto wako, hata jeraha liwe dogo, lisafisheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Hilo msilichelewe.

Mwaka jana tulikwenda harusini Unguja, tukapanda mashua hadi kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa. Wa mwanzo walikuwa wanne, zawadi kutoka Seychelles mwaka 1919. Miaka ya 1990 waliibiwa sana wakauzwa, ndiyo maana wadogo sasa wanalindwa ndani ya uzio. Binti yangu alimkuna mmoja shingoni, naye akainyoosha ile shingo, akasimama juu ya miguu yote minne, macho kayafumba. Walikaa hivyo muda mrefu.

Kwenye mashua ya kurudi alikuwa kimya, nami nikajua anataka kuniomba kitu. Nikamngoja.

"Mama," akasema, "watalii wakishaondoka, usiku wanalala wapi wale?"