Kabla ya Kuuliza Kama Mti Una Roho

Nilipoanza kwenda msituni kuketi na kutafakari, nilikwenda na swali moja nililotaka lipate jibu kabla ya jambo jingine lolote: je, mti una roho? Animisimu, istilahi iliyotokana na neno la Kilatini *anima*, yaani pumzi au uhai, na ambayo mwanaanthropolojia Edward Tylor aliieneza mwaka 1871, hujibu kwamba mti, mto, jiwe na mnyama vina nafsi zao, na kwamba binadamu ni mkazi mmoja tu kati ya wengi. Ubudha, kwa upande wake, hufundisha *anatta*: hakuna nafsi ya kudumu, si ndani ya mti wala ndani ya yule anayeutazama. Niliamini kwamba nikilikubali fundisho moja sharti niliache la pili, na mvutano huo ulinichosha kwa miezi mingi.

Kwa mtu anayeanza safari hii, ningemshauri kwanza achague mahali pamoja na apazoee. Mahali hapo si lazima pawe na mandhari ya kuvutia. Bora pawe karibu kiasi kwamba unaweza kurudi kila wiki, mvua ikiwa imenyesha na isiponyesha, majani yakiwa mabichi na yakiwa yamekauka. Zima simu, keti, fuata pumzi yako inavyoingia na kutoka, na usitarajie utulivu mapema, kwa kuwa dakika za mwanzo hujaa kelele za kichwa chako mwenyewe. Mimi nilihitaji siku nyingi za namna hiyo kabla ya kutambua jambo lililokuwa likitokea kila mara: ndege walinyamaza nilipofika, wakakaa kimya kwa muda, kisha mmoja akathubutu kulia na wengine wakamfuata. Nilikuwa nimejiona mtazamaji, kumbe nilikuwa natazamwa, na kukaa kwangu mahali pale kulitegemea uvumilivu wa wenyeji. Hapo ndipo animisimu ilipoacha kuwa nadharia kwangu. Sikuona mzimu wala kusikia sauti. Nilijiona mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.

Ugeni huo ulikuwa na kosa ndani yake. Katika siku za mwanzo nilivunja tawi la mti niliouegemea, kwa sababu lilinigusa bega na kunisumbua. Majuma kadhaa baadaye nilikutana na kisa kilichomo katika Vinaya, yaani kanuni za watawa wa Kibudha. Mtawa mmoja wa Alavi, mji wa India ya kale, alikuwa akikata mti, na kiumbe wa kiroho aliyeishi ndani yake akamsihi asiyaharibu makao yake. Mtawa hakusikia, akaendelea kukata, hata akaupiga mkono wa mtoto wa kiumbe yule. Mama alitamani kumuua, lakini akajizuia, akaenda kumshtakia Buddha. Buddha alimsifu kwa kujizuia, akamwelekeza kwenye mti mwingine uliokuwa mtupu ili ahamie huko, na kwa kuwa watu wa kawaida nao walilalamika, akawawekea watawa kanuni ya kutoharibu mimea.

Nilikisoma kisa hicho mara nyingi, nikashangazwa zaidi na kile ambacho Buddha hakukifanya. Hakumwambia mlalamikaji kwamba nafsi ni njozi, wala kwamba mti ni mti tu, alimtafutia makao. Jambo hili lina uzito kwa sababu mapokeo ya Theravada, mojawapo ya matawi makuu ya Ubudha, hayaihesabu mimea miongoni mwa viumbe wanaozaliwa upya, na bado mtawa wake hapaswi kuiharibu. Hata desturi ya watawa kutulia mahali pamoja kwa miezi mitatu ya mvua ilianza kwa sababu watu waliwalaumu kwa kukanyaga majani mabichi na kuua wadudu wadogo njiani. Heshima ilikuja kwanza, na mjadala kuhusu roho haukuwa sharti lake.

Kiswahili kilinisaidia kuelewa zaidi. Mbu *anaruka*, kwa kuwa sarufi yetu imemhesabu pamoja na watu, lakini mti *unakua* kwa kiambishi kile kile ambacho mkate *unaliwa*. Ila ukiuambia mti, "Naomba niketi kwako," ngeli inatoweka, maana nafsi ya pili haina ngeli. Neno letu *nafsi* hubeba maana zote mbili, ya roho na ya sarufi, na kwangu mimi hapo ndipo mafundisho haya mawili yanapokutana: animisimu inautoa mti katika nafsi ya tatu na kuuleta katika nafsi ya pili, nao Ubudha unailegeza ile nafsi ya kwanza inayodhani kila kitu kipo kwa ajili yake. Sisemi kwamba ni fundisho moja. Yanatofautiana kwelikweli, na anayeyachanganya mpaka tofauti hiyo ipotee huyapunguza yote mawili.

Ukitaka kuielewa *anatta* msituni, tafuta gogo lililoanguka na ulirudie kwa miezi kadhaa. Langu lilivaa uyoga, likachimbwa na mchwa, likalainika hadi kidole kikazama ndani yake, kisha mche ukaota juu yake. Nilijaribu kuonyesha mahali ambapo mti ule uliishia na udongo ulipoanza, nikashindwa, na nilipoirudia pumzi yangu nikashindwa vilevile kuonyesha mahali ambapo hewa ya msitu iliishia na mimi nikaanza.

Maisha ya Buddha yenyewe yamezungukwa na miti. Masimulizi yanasema kwamba akiwa mtoto alizama katika utulivu chini ya mti wa jamii ya mzambarau, kwamba aliamka kiroho chini ya mti wa jamii ya mtini huko Bodh Gaya, India, akiigusa ardhi kwa mkono ili iwe shahidi wake, na kwamba alifariki kati ya miti miwili ya aina iitwayo *sal* huko Kushinagar, pia nchini India. Nchini Thailand, watawa wengine hufunga mavazi yao ya rangi ya zafarani kwenye miti ili kuikinga isikatwe, na ninaona katika kitambaa kile uungwana ule ule wa kisa cha Alavi.

Nina maonyo machache. Usiige matambiko ya watu ambao msitu wao ni mahali pa ibada. Uliza, na ukikataliwa, ondoka. Mwambie mtu unakokwenda. Na kama unabeba huzuni nzito, tafuta pia binadamu wa kuzungumza naye, kwa maana mti hauwezi kufanya kazi hiyo.

Kovu la tawi nililolivunja bado lipo, ingawa gome limeanza kulifunika kutoka pembeni. Siku hizi naketi upande wa pili wa shina, ambako tawi jingine limeinama karibu na uso wangu, nami huinamisha kichwa ili nipite chini yake.