Sosi ya barbekyu ya nyanya za sokoni: maji kwanza yatoke

Kila mwaka hapa Malindi kuna wiki mbili tatu ambazo nyanya huuzwa kama zinafukuzwa. Mashamba ya kando ya Mto Sabaki huwa yamevuna kwa pamoja, malori ya kutoka Loitokitok nayo yanateremka, na ikifika adhuhuri muuza nyanya wangu huniita kwa mbali: "Mama, njoo uchukue hizi, za kesho si za leo." Nachukua kreti nzima. Nimejifunza kuchukua, kwa sababu Ramadhani ikikaribia nyanya hizo hizo zitauzwa kwa kuhesabiwa, na siku ya Idi, watu wa nyumbani wakitaka kuku wa makaa na mishkaki, sitaki kuwa pale sokoni nikihesabiwa nyanya.

Kreti hiyo naigeuza sosi ya barbekyu, naigandisha, na inanifikisha mbali. Asili yake ni Marekani, na huko kwenyewe kila upande una ya kwake. Ile nzito, tamu, yenye nyanya nyingi ndiyo inayojulikana kwa jina la Kansas City. Mashariki ya North Carolina wao hupenda nyepesi ya siki na pilipili. Ya kwangu iko karibu na ya Kansas City, ila utamu wake ni wa sukari guru na uchachu wake nusu ni wa ukwaju. Sikufanya hivyo kwa kukosa vitu vya dukani. Nilionja zote mbili, na ukwaju ukashinda.

Yule aliyenifundisha nyanya ni mamangu mdogo, aliyepika miaka mingi kwenye nyumba za Waitalia hapa mjini. Wakati huo mimi nilikuwa natia kila kitu sufuriani kwa pamoja: nyanya, sukari, siki, viungo, kisha nasimama nakoroga. Sukari inashika chini na kuungua huku juu bado ni mchuzi. Nikatia unga wa mahindi iwe nzito. Aliponiona akaniambia, "Mwanangu, hii nyanya bado inalia. Iache imalize kulia, ndipo uitie maneno yako."

Nyanya karibu yote ni maji, kama asilimia 94. Ukiweka kilo tano jikoni, umeweka zaidi ya lita nne na nusu za maji, na kazi yako kubwa ni kuyatoa. Ule unga niliokuwa natia ulikuwa unayaficha tu. Tena friza huufichua uongo huo: sosi iliyofungwa kwa unga wa mahindi ikiganda kisha ikayeyuka, hukatika, ikawa na madonge kama sponji huku maji yakisimama pembeni.

Basi anza na nyanya zenyewe. Chagua zile ndefu ndefu zenye ngozi ngumu kidogo, kama Rio Grande au Cal J. Zina nyama nyingi na maji machache. Zile laini za mviringo ziachie kachumbari. Iliyobonyea si neno, lakini yenye ukungu au iliyoanza kuchacha itupe nzima, usikate upande ukaokoa mwingine. Kwa kilo tano, chanja kila moja msalaba mdogo chini, zitie kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja hivi, zitoe uzizamishe kwenye maji baridi. Ngozi itajikunja yenyewe pale kwenye msalaba na kutoka kwa vidole viwili. Zikate katikati, kamua mbegu, halafu zisage. Ukiwa na haraka unaweza kusaga na ngozi zake kisha ukachuja. Utapoteza nyama kidogo, lakini sosi haitakuwa na vile vipande vinavyonata kwenye meno.

Sasa sufuria, na hapa naomba unisikilize vizuri. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na nyanya, siki na ukwaju vyote ni vichachu. Mara moja nilipika sosi kwenye sufuria ya alumini, usiku ukanikuta nimechoka, nikaiacha humo humo hadi asubuhi. Nilipoimimina nikaona kuta za ndani zimeng'aa kama zimesuguliwa kwa mchanga, na chini kuna vitobo vidogo vidogo. Kijiko kimoja ulimini kilikuwa na ladha ya sarafu. Kilo tano za nyanya na siku nzima ya makaa zikaenda shimoni. Tumia sufuria ya stili, iliyo pana. Upana una maana yake: mvuke hutoka juu, kwa hiyo sufuria pana ya kimo kifupi itamaliza kwa saa mbili kazi ambayo ndefu nyembamba itaifanya kwa saa nne.

Kaanga kwanza vitunguu maji vinne vikubwa kwa mafuta kidogo hadi vilainike na kuanza kubadilika rangi, tia kichwa kimoja cha thomu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimepondwa kinuni, pamoja na pilipili mbuzi moja. Mimina nyanya. Chumvi kidogo tu. Usitie kitu kingine. Acha bila kifuniko, moto wa wastani, ukikoroga kila baada ya dakika kumi mwanzoni, na mara kwa mara kadiri inavyokaza.

Sikiliza. Saa ya kwanza utasikia mchemko wa kawaida, mwepesi, wa haraka. Baadaye sauti itakuwa nzito, mapovu makubwa yanapanda polepole na kupasuka moja moja, na kila povu likipasuka hurusha tone. Tone hilo linaunguza kuliko maji moto kwa sababu linanata, kwa hiyo watoto wasikae karibu, na mwiko wako uwe wa mpini mrefu. Hapo punguza moto.

Kujua kama maji yamekwisha, weka sahani ndogo kwenye friza mapema. Dondosha juu yake kijiko kimoja cha nyanya, ngoja kidogo, kisha itazame pembeni. Ikiwa kuna duara la maji mepesi yenye wekundu hafifu linatambaa kulizunguka lile donge, bado inalia. Ikiwa donge limekaa kimya na kidole chako kikipita katikati kinaacha njia, imemaliza.

Ndipo vije vya kuitengeneza. Gramu 250 za sukari guru iliyokwanguliwa, kikombe kimoja cha siki, na ukwaju wa ukubwa wa yai uliolowekwa kwa maji machache ya moto, ukavurugwa na kuchujwa. Paprika vijiko viwili vya mezani, jira iliyokaangwa na kusagwa kijiko kimoja, haradali ya unga kijiko cha chai, pilipili manga, mdalasini kidogo sana. Hivi ni vya kuongeza na kupunguza upendavyo, sitakaa hapo. Moto mdogo, dakika 20 hadi 30, huku ukikoroga bila kuondoka, kwa maana sasa kuna sukari. Kama unataka iwe laini kabisa, isage tena ikishapoa kidogo. Kilo tano zitakupa kama lita moja na nusu.

Harufu ya moshi wengi huinunua kwenye chupa. Sisi tuna vifuu. Washa kipande cha kifuu cha nazi hadi kiwe kaa jekundu, kiweke ndani ya kibakuli kidogo cha stili, kiache kibakuli hicho kielee juu ya sosi, dondosha matone mawili ya samli juu ya kaa, na ufunike sufuria papo hapo kwa dakika tano. Wanaopika biriani wanajua ninachosema. Usizidishe dakika tano, maana moshi ukizidi huwa mchungu.

Watu huniuliza kwa nini nisiimimine tu kwenye chupa nikaweka kabatini. Sababu ni kwamba nyanya si chachu kiasi tunachodhani. Mpaka wa usalama wa vyakula vya chupani ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uchachu unavyopungua), juu ya hapo bakteria wa botulizimu wanaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa na kutoa sumu ambayo huioni wala huinusi. Nyanya mbivu huchezea hapo hapo kwenye mpaka, na ukiongeza vitunguu na thomu unausogelea zaidi. Kuna njia za kuhifadhi chupani kwa usalama, lakini zinataka mapishi yaliyopimwa na muda maalumu wa kuchemsha. Jikoni kwangu sina vipimo hivyo. Nina friza, na friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri haiwaruhusu bakteria kukua kabisa.

Ila friza nayo ina adabu zake. Usiweke sosi ya moto ndani. Itapasha vyakula vingine joto, na yenyewe itachelewa kuganda na kufanya barafu kubwa. Na usiiache juu ya meza usiku kucha, hasa kwa joto letu. Mimi huweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi na vipande vya barafu, nakoroga, nabadilisha maji yakishapata moto, na ndani ya saa moja na nusu imepoa vya kutosha kuingia kwenye friji, kisha friza.

Chupa za kioo niliziacha baada ya kupoteza tatu kwa usiku mmoja. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na mimi nilikuwa nimezijaza hadi shingoni. Asubuhi nilikuta sosi imesimama wima kama mnara mwekundu, vioo vimeivaa. Huwezi kuiokoa hiyo, hata ukiichuja, kwa sababu vijipande vingine huvioni. Na tangu marufuku ya mifuko ya plastiki hapa Kenya mwezi wa Agosti 2017, wengi wetu tumehamia kwenye makopo yenye vifuniko. Nusu lita inatosha kwa kuku wawili watatu. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Sehemu nyingine naigandisha kwenye trei za barafu, na vikishaganda navihamishia kwenye kopo moja. Vipande hivi ndivyo ninavyovitumia zaidi: viwili kwenye maharagwe, kimoja kwenye kamba wa kukaanga, vitatu kwa mishkaki ya watu wachache.

Viungo vitie kidogo kuliko unavyopenda. Thomu, karafuu na pilipili manga huweza kukolea na kuelekea uchungu kwenye baridi, kwa hiyo onja na kurekebisha siku ya kutumia. Andika tarehe kwenye plasta ubandike. Miezi sita ladha iko pale pale. Baada ya hapo bado ni salama, lakini inaanza kufifia.

Umeme ukikatika, na nyakati za masika hukatika, usifungue friza kutazama. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa huhifadhi baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Mimi hujazia nafasi kwa makopo ya maji yaliyoganda. Sosi ukiikuta bado ina chembe za barafu, irudishe. Ikiwa imeyeyuka na kupata joto la chumba, na hujui tangu lini, imwage.

Siku ya kutumia, itoe usiku wa jana uiweke kwenye friji. Asubuhi utaona maji kidogo juu. Usishtuke, ipige kwa uma kisha uichemshe dakika tano, itashikana tena. Tenga ya kupaka katika bakuli yake na ya mezani katika bakuli nyingine, maana brashi iliyogusa kuku mbichi haifai kurudi kwenye sosi ya kulia.

Na kuku usimpake mapema. Hiyo ni sukari, na juu ya makaa hugeuka nyeusi kabla paja halijaiva ndani. Mchome kwa chumvi, ndimu na thomu mpaka mfupa ukiuchoma kisu utoe maji meupe yasiyo na damu. Hapo sogeza makaa pembeni, mpake upande mmoja, dakika mbili, mgeuze, mpake wa pili, dakika mbili, halafu rudia mara moja tena. Sosi iliyotolewa maji vizuri haitadondoka motoni. Itamshika kuku, iwe nyekundu iliyoiva na kung'aa, na kingo zitaanza kuchomeka kidogo tu. Mtoe hapo hapo.