Maswali ya Wasomaji: Katuni, Sigana na Mtoto Anayepiga

SWALI: Kijana wangu ana miaka 5. Katika katuni anayoipenda, mwovu hupiga wenzake lakini mwishoni hukamatwa. Nilitarajia ajifunze kuwa kupiga ni kubaya, kumbe anampiga mdogo wake mateke yale yale. Nimekosea wapi?
Mama wa wawili, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mama, mateke ameyaona mara kumi, adhabu mara moja tu, dakika ya mwisho. Kwa umri wake bado ni vigumu kuunganisha hayo mawili. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaacha watoto wadogo wamwone mtu mzima akimgonga mwanasesere kwa nyundo. Walipoachiwa wacheze, walimshambulia mwanasesere huyo zaidi kuliko wenzao wasioyaona hayo, na maneno ya yule mtu wakayarudia.

Basi keti naye. Teke likirushwa, simamisha hapo hapo: "Huyu aliyeanguka, uso wake ukoje?" Nyamaza, hesabu hadi kumi, usimjibie. Katuni ikiisha uliza, "Wamemfunga kwa nini?" Akijibu "kwa sababu analia," ameshika picha ya mwisho tu, mrudishe kwenye teke. Jioni igizeni kisa hicho kwa vifuniko vya soda, naye awe yule aliyepigwa. Rudieni siku nne au tano.

Wazazi wengi huharibu kwa kusema, "Umeona? Nawe utafungwa!" Tunawasihi mwache. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa 2014, hadithi za mwongo kuadhibiwa hazikuwafanya watoto wakiri kosa. Ile ya mtoto aliyesema kweli akasifiwa iliwasaidia. Mwisho wake ulipogeuzwa kuwa wa adhabu, faida ikapotea. Kwa hiyo siku akimwachia mdogo wake mpira, msifu kwa kulitaja jambo lenyewe.

SWALI: Dani (bibi) yao kule Siaya huwasimulia watoto wangu sigana, hadithi za Kijaluo. Apwoyo, yaani sungura, anaiba, anadanganya, anaponyoka. Nimzuie?
Baba Achieng, Kondele

JIBU: Hapana, tafadhali. Apwoyo ni mdogo kati ya wakubwa, ndiyo maana watoto humpenda. Tena katika siwindhe, nyumba ya bibi walikolala na kufunzwa watoto wa Kijaluo, pim (yule bibi mlezi) hakusimulia akanyamaza. Kulikuwa na vitendawili na kuulizana. Hicho ndicho kinachokosekana runinga ikiachwa peke yake na mtoto. Uliza: "Aliyeibiwa alikula nini usiku huo?" Kisha simulieni upya, Apwoyo awe mtoto wa ploti yenu na chakula kiwe chapati za jirani, kwa maana watoto wa miaka 4 hadi 6 huhamisha funzo kwa urahisi zaidi wahusika wakiwa watu kuliko wanyama.