Ndoa ya shingo upande: kabla hujampa bibi arusi nyota moja

Mleta mada, hauko peke yako. Umeuliza kama ni wewe tu uliyemhurumia yule binti, maana maoni uliyoyasoma kabla ya kukinunua kitabu karibu yote yalikuwa yanamsema: baridi, mkaidi, hana shukrani, kazi yake kununa, na lodi wa watu anahangaika naye bure. Mimi nimekisoma mara mbili na niko upande wako. Ila nakiri sikufika hapo kwa wema wa moyo. Niliwahi kuwa mmoja wa hao wagawa nyota moja.

Kwa ambao hawajakisoma, kisa ni hiki. Uingereza, 1816, mwaka mmoja baada ya vita vya Waterloo. Binti ana miaka 19, baba yake kakopa huku na huku mpaka jela ya wadeni inamnukia. Lodi mmoja aliyerudi vitani na kovu shavuni (malodi wa riwaya hawakosi kovu, na halikai kamwe mahali pa kuwaharibia sura) anazinunua hati zote za deni, kisha anaposa. Binti anakubali shingo upande. Kilichobaki ni sura thelathini na kitu za watu wawili wanaokaa nyumba moja wakiitana "bwana" na "bibi".

Sasa nieleze nilivyobadilika. Miaka kadhaa nyuma nilisoma riwaya nyingine ya mtindo huohuo, nikaandika kwamba bibi arusi anadeka. Mume anampenda, hampigi, nyumba ina vyumba arobaini, anataka nini tena? Nikajiona nimesema. Katika kikundi chetu cha usomaji kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima kuliko sisi wote, maneno yake ya kuhesabu. Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Akitoka humo ndani, anatoka na nini?"

Nikacheka. Nikamjibu, si na nguo zake?

"Hata hizo si zake, mwanangu."

Nilidhani anatia chumvi. Nikaenda kutafuta, nia yangu ikiwa ni kurudi na kumuumbua kwa adabu. Wiki nzima nikawa nasoma sheria za ndoa za Uingereza ya zama zile badala ya riwaya, na kila nilipofungua nikakuta mama yule kasema kidogo kuliko hali ilivyokuwa. Blackstone, mwanasheria ambaye vitabu vyake vilianza kutoka 1765 na vikawa msingi wa wanasheria wote waliofuata, aliandika wazi kwamba kwa ndoa mume na mke huwa mtu mmoja kisheria, na nafsi ya mke katika sheria husimama kwa muda wote wa ndoa. Mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mume. Fedha alizokuja nazo mke ni za mume. Vito, samani, nguo, za mume. Akifanya kazi, ujira ni wa mume. Kama alirithi shamba, mume hakuweza kuliuza bila ridhaa yake, lakini kodi ya shamba ilikuwa inaingia mfukoni mwa mume. Mahari nayo ilikuwa ikisafiri kutoka kwa baba wa binti kwenda kwa mkwe, kwa hiyo hata kile alichopewa na wazazi hakikuwahi kupita mikononi mwake.

Watoto je? Wa baba. Ilibidi kungoja 1839 ndipo sheria ikamruhusu mama aliyetengana na mumewe kuiomba mahakama akae na watoto walio chini ya miaka 7, na hapo ni kuomba, si kupewa. Talaka kamili, ile ya kuweza kuolewa tena, kabla ya 1857 ilitaka sheria maalumu ipitishwe na Bunge kwa ajili ya watu wawili hao tu. Wanawake waliofanikiwa kuipata kwa njia hiyo walikuwa 4 kwa jumla, wa kwanza mwaka 1801. Wanne, jamani. Na mke kumiliki mali yake mwenyewe kama mtu mzima kulikuja kwa kipande 1870, kikakamilika 1882.

Nilirudi kwenye kikundi nikiwa mpole. Yule mama hakusema "nilikwambia". Alifungua kitabu tulichokuwa tunasoma wiki ile akaendelea.

Ndiyo maana niliposoma kitabu chako hiki, sura ya nne ilinikamata shingo. Wengi wameilalamikia kwamba inakokota. Ni ile ya matangazo ya ndoa. Tangu sheria ya 1753, ndoa ilitakiwa ifungwe kanisani baada ya kutangazwa Jumapili tatu, au kwa kibali. Mwandishi angeweza kuzipitia kwa sentensi moja, lakini anatukalisha kwenye benchi Jumapili zote tatu. Kila mara kasisi anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Jumapili ya pili binti anakohoa, kikohozi cha kawaida tu cha baridi, na kanisa zima linageuka. Jumapili ya tatu hakuna anayegeuka tena. Sasa angalia kilichofichwa hapo: kwa kuwa binti hajafika miaka 21, mtu mmoja katika jengo lile ana uwezo wa kusimama akaizuia ndoa kwa neno moja, naye ni baba yake. Amekaa hapo ubavuni mwa bintiye, anakunja na kukunjua ukingo wa kofia. Sheria ilimpa baba nguvu ya kukataza. Nguvu ya kuamuru haikumpa. Hiyo aliipata kwa kulia mbele ya mwanawe katika sura ya pili.

Halafu siku yenyewe. Ndoa za kawaida zilifungwa asubuhi, kati ya saa mbili na saa sita mchana, na kasisi wa kitabu hiki anaitupia saa jicho kwa sababu lodi amechelewa. Baada ya viapo wanaletewa daftari. Binti anaandika jina lake polepole mno, herufi kwa herufi, kalamu ya unyoya inadondosha wino kwenye herufi ya mwisho, na kasisi anapuliza doa likauke kwa kuwa muda unakwisha. Ni mara ya mwisho jina lile kuandikwa. Mwandishi hasemi hivyo popote. Kuna msomaji kaandika, "Kurasa mbili za mtu kusaini jina!" Nami zamani ningeandika hivyohivyo.

Nirudi kwenye maoni mengine kidogo, maana kuna yaliyonichekesha. Yupo aliyesema kama hamtaki si angekimbilia Gretna Green. Ndugu yangu, Gretna Green ni kijiji cha mpakani Scotland ambako watu walikimbilia KUOANA, kwa kuwa sheria ya 1753 haikufika Scotland na kutamka mbele ya mashahidi kulitosha. Kukimbilia huko kukwepa ndoa ni sawa na kuikimbia mvua kwa kuingia mtoni. Mwingine kasema angesema tu "hapana" mbele ya kasisi. Huyu ana hoja. Kanisa lilikuwa limeshaweka tangu karne ya 12 kwamba bila ridhaa ya wawili hakuna ndoa, na mtu aliyetishiwa maisha angeweza kuipinga ndoa baadaye. Lakini nani alimtishia maisha? Alionyeshwa baba akiwa Marshalsea, ile jela ya wadeni ya London, akalala usiku mmoja na picha hiyo, asubuhi akasema ndiyo kwa kinywa chake. Shingo upande si sawa na kutekwa, na riwaya za aina hii zinaishi katika upenyo huo.

Wanaosema hawataki kabisa kusoma habari za mke asiyetaka kuolewa, nawaheshimu na sina la kuwaongezea. Kuna riwaya za zamani za mkondo huu, hasa za miaka ya 1970, ambamo mume anajilazimisha kwa mke na kufika sura ya mwisho tunaambiwa hayo ndiyo mapenzi. Hizo hata mimi nimezirudisha rafuni. Hiki kitabu kina lile tukio la mlango: lodi anabisha mara moja, anangoja, anaondoka. Wengi wamelisifu kwamba lodi mstahimilivu, wengine wakasema ni jambo dogo linalokuzwa. Kwa mujibu wa sheria ya nchi yake hakuwa na sababu hata ya kubisha. Mume kumlazimisha mkewe kulihesabika kuwa si kosa, na ilikuwa 1991, narudia, 1991, ndipo Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, likatamka kwamba ni kosa kama kosa lingine. Binti wa kitabuni anajua hilo akiwa ameketi kitandani anausikiliza mlango. Ukilijua na wewe, ule ukurasa unausoma umebana pumzi. Na usilijue, unaona mtu kabisha mlango akaenda kulala.

Sasa nisije nikaonekana wakili wa mwandishi. Kuna mahali kanikera sana, na nashangaa hakuna aliyelisema. Ni ule mkataba wao wa sura ya sita: "tukae mwaka mmoja bila kugusana, kisha ndoa itabatilishwa, kila mtu ashike njia yake." Hii hila imo katika riwaya nyingi kiasi kwamba wasomaji tumeiamini. Haikuwepo. Kutokutana kimwili peke yake hakukubatilisha ndoa Uingereza. Kilichoweza kubatilisha ni mmoja wao kuwa hana uwezo kabisa, na mahakama za kanisa kwa kawaida zilitaka wawe wameishi pamoja miaka mitatu kwanza, pamoja na uchunguzi wa kuaibisha. Kukataa kwa makusudi kulifanywa sababu 1937 tu! Kwa hiyo lodi, mtu aliyesoma na mwenye wanasheria, ama hajui sheria, ama anamdanganya mkewe. Ingekuwa anamdanganya ingekuwa riwaya nyingine, pengine kali zaidi. Lakini mwandishi anaichukulia ahadi hiyo kama mlango halisi, na kila mara binti anapohesabu miezi iliyobaki mimi natoka kitabuni.

La pili ni ile homa ya sura ya 29. Lodi ananyeshewa, anaugua, binti anakesha akimbadilishia kitambaa kipajini, alfajiri anagundua anampenda. Hapana. Nimeshasoma homa hii mara zisizo na idadi. Ugonjwa ni njia ya mkato ya mwandishi: unamfanya mwenye nguvu zote awe dhaifu usiku mmoja ili mwenzake amsogelee bila hofu, halafu asubuhi anapona na nguvu zake zote zinamrudia. Hakuna kilichobadilika ila joto la mwili.

Na linaloniuma ni kwamba hakuihitaji homa. Alikuwa ameshaandika tukio lenyewe sura mbili nyuma, na wasomaji wameliruka kama tangazo la biashara. Sura ya 27, nusu ukurasa, ofisi ya mwanasheria London. Lodi anamwekea mkewe fedha mikononi mwa wadhamini, kwa matumizi yake mke peke yake. Njia hiyo ilikuwepo kweli: sheria ya kawaida ilimmeza mke, lakini Mahakama ya Chansela iliitambua amana ya namna hii, kwamba kilichowekwa kwa ajili ya mke peke yake mume hana mkono nacho, wala wanaomdai mume hawana. Mwanasheria anasoma kwa sauti ya kuchosha: mapato yatalipwa kwake mwenyewe, kwa stakabadhi yake mwenyewe, na ataweza kuyaachia kwa wosia amtakaye. Anamweleza lodi kwamba akishatia sahihi hawezi kurudi nyuma. Lodi anasema anaelewa. Binti anauliza swali moja tu: "Hata nikiondoka?" Mwanasheria anamtazama lodi. Lodi anatazama dirisha na kusema, "Hasa akiondoka."

Ukiniuliza tukio la mapenzi kuliko yote katika kitabu kizima, ni hilo. Lile swali la yule mama kwenye kikundi, anatoka na nini, hapo lina jibu kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo kila asubuhi anayokutwa bado yumo ndani ya nyumba ile, yumo kwa kutaka. Ule mkataba wa uongo wa kubatilisha haukumpa hilo, na ile homa ndiyo kabisa.

Na kuna kidoa kimoja cha mwisho ambacho sina hakika kama mwandishi alikikusudia. Binti anapewa kalamu asaini. Anauliza asaini jina gani, mwanasheria anamwambia jina lake. Anasita. Kalamu inadondosha wino kwenye karatasi, na safari hii hakuna anayepuliza, hakuna anayetazama saa, wanangoja likauke lenyewe.

Kwa hiyo soma tena ya 27, mleta mada, kabla hujafika kwenye homa. Ya 29 na 30 unaweza kuziruka, hutapoteza kitu.